Ngoma Inayowaita Askari wa Mwili

Siku moja asubuhi watoto watatu wa mzee mmoja walisimama kwenye baraza ya hospitali, mbele daktari hajaanza kuzunguka vitanda. Baba yao alikuwa amelala katika chumba cha wanaume. Alikuwa amekohoa miezi mingi. Alikunywa dawa za kifua kikuu mpaka mwisho, lakini kikohozi hakikwisha, naye alizidi kukonda. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe katika pafu la kuume. Alipelekwa katika hospitali kubwa ya mji, na kipande kidogo cha uvimbe kikakatwa na kupimwa. Jibu likarudi: kansere ya mapafu, ugonjwa ambao wengine wanauita saratani. Nayo ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini.

Mkubwa wao akatoa simu mfukoni. Akasema, "Muganga, ndugu yetu anayekaa Ulaya ametuandikia. Anasema kuna sindano inayoamsha askari wa mwili, nao wanaila kansere. Tena hapa mjini tumepata mtu anayeuza dawa ya namna ile katika chupa. Anataka feza nyingi. Tuna ng'ombe sita, na shamba la mama. Tuuze?"

Hayo ni maulizo mawili. La kwanza: Je, ni kweli kwamba askari wa mwili wanaweza kuamshwa kusudi wapigane na kansere? La pili: Je, inafaa kuuza ng'ombe na shamba? Watu wengi wametuuliza vivyo hivyo. Wengine hawakuuliza mtu, waliuza tu, na leo wanalia. Kwa sababu hiyo tunaandika mafundisho haya. Uyasome polepole, tena umsomee na yeye asiyejua kusoma.

1. MWILI UNA ASKARI WAKE

Katika damu ya kila mtu mna chembe nyingi, ndogo sana, hazionekani kwa macho matupu. Nyingine ni nyekundu, na kazi yao ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Nyingine ni nyeupe. Hizi nyeupe ndizo askari. Vidudu vya ugonjwa vinapoingia, wao ndio wanaokwenda kupigana.

Askari hawa si wa namna moja. Wengine wanameza vidudu kama kuku anavyomeza mchwa. Wengine wanaitwa limfositi T. Kila limfositi T anajua adui wake mmoja tu, kama mlinzi aliyeonyeshwa sura ya mwizi mmoja na kuambiwa, "Ukimwona huyu, mkamate." Wengine tena wanaitwa chembe NK. Hao wanazunguka usiku na mchana, na wakikuta chembe ya mwili iliyoharibika, wanaiua.

Lakini askari hawana kinywa wala masikio. Wanasemezanaje? Fikiri juu ya ngoma ya mti, ile lokole inayopigwa kijijini. Mtu akiipiga kwa namna moja, watu wanajua kwamba kuna kazi. Akiipiga kwa namna nyingine, wanajua kwamba kuna kilio. Yeye aliye mbali shambani hamwoni mpigaji, lakini anasikia na kuelewa, naye anakuja. Ndani ya mwili iko vivyo hivyo. Chembe moja ikiona hatari inatoa kitu kidogo sana ambacho kinaingia katika damu na kufika kwa chembe nyingine. Kitu hicho kinaitwa sitokini. Sitokini ni nyingi, na kila moja ina neno lake. Moja inasema, "Njoni hapa." Nyingine inasema, "Zaeni, mwe wengi." Nyingine inasema, "Vita vimekwisha, tulieni."

Labda utasema, "Mimi sijapata kuziona hizo sitokini." Ni kweli, lakini umezisikia katika mwili wako. Ukishikwa na malaria au mafua makali, mwili unakuwa moto, mifupa inauma, chakula hukitaki, unataka kulala tu. Watu wengi wanafikiri kwamba vidudu vyenyewe vinafanya mambo hayo yote. Sivyo. Sehemu kubwa ya homa ile na maumivu yale inatoka kwa sitokini za mwili wako mwenyewe. Ni ngoma inayopigwa kwa nguvu.

Wenye elimu walianza kuzijua sitokini kidogo kidogo. Katika mwaka 1957, huko London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walivumbua moja inayoitwa interferoni, ambayo chembe inaitoa ili kuonya chembe za jirani juu ya virusi. Katika mwaka 1976, huko Marekani, Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo walionyesha kwamba kuna kitu kinachowafanya limfositi T waishi na kuongezeka katika chombo, nje ya mwili. Kitu hicho kilipewa jina la interlukini-2. Hii ndiyo ngoma inayosema, "Zaeni, mwe wengi." Tutaisema sana.

2. KWA NINI ASKARI WANAIACHA KANSERE?

Kidudu ni mgeni. Kinatoka nje, na askari wanamtambua mgeni upesi. Lakini kansere si kidudu. Kansere ni chembe ya mwili wako mwenyewe iliyoacha kutii. Kila chembe ina mpango wake wa kuzaa na wa kufa. Chembe ya kansere inakataa mpango. Inazaa, nazo zilizozaliwa zinazaa, mpaka uvimbe unatokea. Kisha nyingine zinatoka na kwenda kukaa mahali pengine, katika ini, katika mifupa, katika ubongo.

Kwa kuwa kansere ni mtoto wa nyumba, mara nyingi askari wanapita karibu nayo wala hawaishuku. Na hata wakiishuku, ina hila nyingine. Kila limfositi T ana breki, kama baiskeli. Mwili umempa breki hiyo kusudi asiendelee kupiga baada ya vita kwisha na kuharibu nyama nzima. Breki moja inaitwa PD-1. Tasuku Honjo na wenzake wa Japani waliivumbua katika mwaka 1992. Chembe nyingi za kansere zimejifunza kuibana breki hiyo. Askari anafika, anasimama mbele ya adui, lakini hawezi kuinua mkono. Honjo, pamoja na James Allison wa Marekani aliyechunguza breki nyingine, walipewa zawadi ya Nobel katika mwaka 2018 kwa kazi hiyo.

Basi, mtu anayetaka askari wapigane na kansere ana njia mbili. Anaweza kupiga ngoma kusudi askari wawe wengi na wawe na nguvu. Au anaweza kuifungua breki. Madaktari walianza na ngoma.

3. MGONJWA ALIYERUDI BAADA YA MIAKA 12

Katika mwaka 1968 kijana mmoja, Steven Rosenberg, alikuwa akijifunza kazi ya kupasua katika hospitali ya askari wa zamani karibu na mji wa Boston, Marekani. Mtu mmoja akaja akilalamika kwamba tumbo linamwuma. Ilikuwa ni kibofu cha nyongo, jambo la kawaida. Lakini Rosenberg aliposoma karatasi zake za zamani, alistaajabu. Miaka 12 mbele ya siku ile, mtu yule alikuwa amepasuliwa kwa ajili ya kansere ya tumbo. Wapasuaji walikuta imekwisha kuenea mpaka kwenye ini. Walitoa walichoweza, wakamshona, wakamrudisha nyumbani kwenda kufa. Hakupewa dawa nyingine. Naye hakufa.

Rosenberg alimpasua ili kutoa kile kibofu, akaingiza mkono na kulipapasa ini lote. Hakukuta kansere hata kidogo. Akajiuliza, "Nani aliyeila?" Akawaza kwamba lazima ni askari wa mwili wa mtu yule. Jambo la namna hiyo linatokea kwa nadra sana, lakini lilimwonyesha kwamba linawezekana.

Baadaye alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya serikali ya kuchunguza kansere, katika mji wa Bethesda. Wasomaji watalikumbuka jina hilo kutoka katika Injili ya Yohana, penye birika ambapo wagonjwa wengi walilala wakingoja. Mji ule ulipata jina lake kutoka kwa kanisa lililokuwa pale. Na huko nako wagonjwa wengi walingoja. Miaka ikapita, Rosenberg akajaribu njia hii na ile, na mgonjwa baada ya mgonjwa hakupona. Walikuwa zaidi ya 60, na hakuna aliyesaidiwa. Tunataja jambo hili kusudi ujue kwamba dawa ya kweli haiji kwa siku moja, tena kwamba daktari wa kweli hafichi hesabu ya walioshindwa kupona.

4. NGOMA ILIPIGWA KWA NGUVU

Mwanzoni interlukini-2 ilikuwa haba sana. Lakini katika mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake wa Japani walisoma maandishi yale ya ndani ya chembe yanayoonyesha namna ya kuifanya. Maandishi hayo yakatiwa ndani ya vidudu vya matumbo, navyo vikaanza kuifanya kama watumishi, nyingi kuliko zamani. Sasa madaktari waliweza kumpa mtu kipimo kikubwa.

Katika mwezi wa 11 wa mwaka 1984 Rosenberg alimtia dawa hiyo mwanamke mmoja aliyekuwa na kansere ya ngozi inayoitwa melanoma. Ilikuwa imeenea mwilini, na dawa nyingine hazikumsaidia. Katika miezi iliyofuata uvimbe wake ulipungua, ukapungua tena, ukatoweka. Zaidi ya miaka 30 baadaye alikuwa bado hai, bila kansere.

Katika mwezi wa 12 wa mwaka 1985 Rosenberg na wenzake waliandika habari za wagonjwa 25. Wote walikuwa na kansere iliyoenea au isiyoweza kukatwa. Walitiwa interlukini-2 pamoja na askari wao wenyewe walioamshwa kwa hiyo nje ya mwili. Kwa wagonjwa 11 uvimbe ulipungua zaidi ya nusu. Kwa mmoja tu uliisha wote. Na kati ya wale 11, mmoja alikuwa na kansere ya mapafu. Uvimbe wake haukwisha, bali ulipungua.

Lakini sasa usikilize upande wa pili, ambao wauzaji wa dawa hawausemi. Ngoma ikipigwa kwa nguvu kupita kiasi, kijiji chote kinakimbia huku na huku, na nyumba zinavunjwa. Interlukini-2 ikitiwa kwa wingi, mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja. Maji yanatoka katika damu na kuingia katika nyama. Miguu inavimba, uzito unaongezeka kwa siku chache, mapafu yanajaa maji, nguvu ya damu inashuka, figo zinalegea. Wagonjwa wengine walikufa kwa sababu ya dawa, si kwa sababu ya kansere. Mgonjwa anayepewa dawa hii anahitaji kulala katika chumba chenye vyombo vya kuangalia moyo na pumzi, na wauguzi karibu naye usiku kucha. Dawa ikisimamishwa, mara nyingi maji yanarudi mahali pake.

Serikali ya Marekani iliruhusu interlukini-2 kwa kansere ya figo katika mwaka 1992, na kwa melanoma iliyoenea katika mwaka 1998. Iliwasaidia watu wachache, lakini kati ya hao wachache wengine walipona kabisa.

5. NA KANSERE YA MAPAFU JE?

Kwa kansere ya mapafu, ngoma peke yake haikutosha. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu ni wazee, moyo na mapafu yao yamekwisha kuchoka kwa moshi wa miaka mingi. Hawawezi kuvumilia kipimo kikubwa cha interlukini-2. Tena ngoma ile ina kosa lingine. Inawaamsha wapiganaji, lakini inawaamsha pia askari wengine ambao kazi yao ni kusema, "Tulieni." Ni kama mtu anayeita vijana na wazee pamoja, na wazee wanawarudisha vijana nyumbani.

Ilipatikana kwanza njia ya breki. Katika mwaka 2015 Marekani iliruhusu dawa inayoitwa nivolumab kwa kansere ya mapafu. Dawa hiyo inafungua ile breki ya PD-1. Watu wengine walisaidiwa muda mrefu. Lakini wengi hawakusaidiwa, au walisaidiwa kidogo, kisha ugonjwa ukarudi. Madaktari wakauliza, "Je, tukifungua breki na kupiga ngoma kwa wakati mmoja?"

Katika mji wa Charleston, Marekani, John Wrangle, Mark Rubinstein na wenzao walichagua ngoma nyingine, interlukini-15. Hiyo inawaita limfositi T na chembe NK, lakini haiwaamshi sana wale wa kutuliza. Walitumia dawa iliyotengenezwa kutokana nayo, iitwayo wakati ule ALT-803, na sasa N-803. Inatiwa chini ya ngozi. Tangu mwezi wa 1 wa mwaka 2016 walianza kuwatia wagonjwa wa kansere ya mapafu dawa hiyo pamoja na nivolumab. Wagonjwa waliotibiwa walikuwa 21. Wengi walipata wekundu na uvimbe mahali pa sindano, na homa na uchovu kama wa mafua. Lakini hawakuvuja maji kama wale wa zamani. Habari zao zilitolewa katika mwaka 2018: kwa wagonjwa 6 kati ya 21 uvimbe ulipungua sana. Hata kati ya wale ambao dawa ya breki ilikuwa imeacha kuwasaidia, wengine walipata nafuu.

Neno hili lilileta tumaini, lakini tulipime vizuri. Watu 21 ni wachache. Tena hakukuwa na kundi lingine la kulinganisha. Sita walipata nafuu, ndiyo. Na wale 15? Tusiwasahau.

Wengine walifuata njia ya tatu. Huko Tampa, katika Marekani vilevile, madaktari walikata kipande cha uvimbe wa pafu, wakawatafuta ndani yake askari waliokuwa wamekwisha kuingia. Wakawalea katika vyombo kwa interlukini-2 mpaka wakawa wengi sana, kisha wakawarudisha ndani ya mgonjwa yule yule. Habari zao zilitolewa katika mwaka 2021. Wagonjwa 16 walirudishiwa askari wao. Katika 13 walioweza kupimwa, kwa 3 uvimbe ulipungua sana, na jambo hilo likahakikishwa kwa kipimo cha pili. Wawili kati yao kansere ilitoweka yote, na mwaka mmoja na nusu baadaye ilikuwa haijarudi.

Si kila jaribio lilikwenda vizuri. Dawa moja iliyofanywa kwa kuibadilisha interlukini-2 ilitumainiwa sana. Lakini katika mwaka 2022 ilionekana kwamba wagonjwa wa melanoma waliopewa dawa hiyo pamoja na nivolumab hawakupata faida kuliko wale waliopewa nivolumab peke yake. Kazi yake ikaachwa.

Na ile N-803? Katika mwezi wa 4 wa mwaka 2024 Marekani iliiruhusu kwa namna moja ya kansere ya kibofu cha mkojo, ikitiwa pamoja na BCG. Ndiyo, ni BCG ile ile ambayo watoto wetu wanachomwa mkononi kuwakinga na kifua kikuu. Ikitiwa katika kibofu, nayo inawaamsha askari. Kwa kansere ya mapafu, madaktari wanaendelea kuipima kwa wagonjwa wengi zaidi.

6. JIBU KWA WATOTO WA MZEE

Basi, ulizo la kwanza tulilijibu hivi: Ndiyo, ndugu yenu wa Ulaya hakusema uongo. Askari wa mwili wanaweza kuamshwa. Watu wengine wenye kansere ya mapafu wamesaidiwa kwa njia hiyo, na wachache uvimbe wao umetoweka. Lakini wengi hawajasaidiwa. Dawa hizi zinatiwa katika hospitali zenye vyombo vingi, na damu ya mgonjwa inapimwa mara kwa mara. Hospitali yetu haina dawa hizo wala vyombo hivyo.

Ulizo la pili tulilijibu kwa kuomba kuiona ile chupa. Walikuwa na moja ya kuonja. Karatasi yake ilisema kwamba inaongeza nguvu za mwili na kuponya kansere, kisukari, ugumba na malaria. Msomaji, shika neno hili: dawa inayodai kuponya kila ugonjwa, usiiamini. Na tena, sitokini haitiwi katika chupa ya kunywa. Ni kitu cha namna ya nyama na mayai. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama chakula. Ndiyo maana inatiwa kwa sindano, na kabla ya hapo inatunzwa katika baridi.

Ukisikia habari za jaribio la dawa mpya, uliza mambo matatu. Ni hospitali gani, na daktari gani anayejibu? Je, kuna karatasi inayoeleza hatari zake, nayo inasomwa mbele yangu katika lugha ninayoielewa? Je, naweza kukataa au kuacha bila kuadhibiwa? Tena, mara nyingi majaribio ya kweli hayamtozi mgonjwa feza kwa dawa inayopimwa. Mtu anayesema, "Lete feza leo, kesho nafasi imekwisha," huyo si daktari, ni mfanya biashara.

Kisha tukawauliza watoto wale, "Baba mwenyewe anasema nini?" Wakanyamaza. Hawakuwa wamemwambia jina la ugonjwa wake. Waliogopa kwamba atavunjika moyo. Daktari akakubali kuwasaidia, na mchana ule wote wakakaa kando ya kitanda. Daktari akamweleza mzee kwa maneno ya wazi, bila kumficha na bila kumtisha. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawageukia watoto wake akasema, "Nilijua zamani. Mtu anaujua mwili wake. Lakini ninyi mmewezaje kuuza ng'ombe zangu katika maneno nami ningali hai? Na shamba ni la mama yenu. Nikifa, atakula nini? Hamtauza kitu."

7. MAMBO TUNAYOWEZA KUFANYA

Usifikiri kwamba pasipo sindano ya Charleston hakuna kazi iliyobaki. Iko nyingi.

Kwanza, tumbako. Katika mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha kwamba wavutaji wa sigara wanashikwa na kansere ya mapafu kuliko wengine. Tangu wakati ule jambo hili limethibitishwa mara nyingi. Katika mwaka 2022 watu karibu 2,500,000 duniani waligunduliwa kuwa na kansere ya mapafu, na karibu 1,800,000 walikufa nayo. Sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokana na tumbako. Mzee yule alianza kuvuta akiwa kijana kwenye kazi ya migodi. Kuacha kunafaa katika umri wo wote. Na wewe unayevuta ndani ya nyumba, ujue kwamba mke na watoto wanavuta pamoja nawe.

Pili, vumbi na moshi. Hewa ya migodi fulani, hasa yenye urani, ina gesi iitwayo radoni, nayo inaleta kansere ya mapafu. Moshi wa jikoni pia unaumiza mapafu. Fanya dirisha jikoni, au upike nje.

Tatu, kikohozi. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, uje upimwe makohozi. Hapa kwetu mara nyingi itakuwa kifua kikuu, na kifua kikuu kinapona kwa dawa. Usiziache dawa hizo katikati. Lakini ukizimaliza na bado unakohoa, au makohozi yana damu, au unakonda, au sauti imekauka, usikae nyumbani. Rudi, useme, "Sijapona." Kansere ya mapafu ikionekana mapema, wakati ingali mahali pamoja, wapasuaji wanaweza kuikata. Ikichelewa, njia zinapungua.

Nne, maumivu. Kuna dawa za kutuliza maumivu makali, nazo zinampasa mgonjwa wa kansere. Mafini inayotolewa kwa kipimo cha daktari haimwui mgonjwa. Inamwezesha kulala, kula na kusema na watu wake. Maji yakijaa kifuani, yanaweza kutolewa. Kumsaidia mtu apumue vizuri si kazi ndogo.

Mzee yule alirudi nyumbani kwake na dawa ya maumivu. Muuguzi alimfikia kila juma kwa baiskeli. Aliishi miezi minne. Katika miezi hiyo alipanga habari za ng'ombe wake mbele ya watoto wote, na kila mmoja alisikia kwa masikio yake. Jioni wajukuu walipokuja, aliwaonyesha vidole vyake vilivyokuwa vya manjano kwa tumbako, akawaambia, "Msinifuate katika hili." Alikufa usiku, mke wake akiwa kando yake. Mwaka uliofuata mama yule alilima shamba lake, akavuna maharagwe, akatuletea kikapu kimoja hospitalini.

Labda siku moja ngoma ile itapigwa katika hospitali zetu pia, kwa kipimo kizuri. Tunaingoja, na tunafurahi kwa kila mmoja aliyesaidiwa nayo. Lakini chupa ya mfanya biashara si ngoma hiyo.

MAULIZO YA KUKUMBUSHA

1. Sitokini ni nini, nayo inafanya kazi gani mwilini?
2. Kwa nini askari wa mwili wanaiacha kansere mara nyingi?
3. Interlukini-2 ikitiwa kwa wingi, inaleta hatari gani?
4. Kati ya wagonjwa 21 wa jaribio la Charleston, wangapi walipata nafuu? Na wangapi hawakupata?
5. Mtu akikuuzia chupa ya kuponya kansere, utamwuliza nini?
6. Je, katika nyumba yako kuna mtu anayekohoa zaidi ya majuma mawili? Utamleta siku gani?